Vitabu vya Pirate Nilivyovikata Migongo

Ninyi mliobaki na meza yangu mliniomba niandike kazi hii inavyofanywa, kwa sababu mnasema nilipokuwa hapo sikuwa naeleza, nilikuwa nampiga mtu mkono tu akishika gundi vibaya. Haya, nimeandika. Mjukuu wangu Kawira, mwalimu kule Manyatta, amesoma akataka kusahihisha. Nimemwambia aweke koma zake anapotaka, maneno yangu asiguse. Mimi nilitoka shule darasa la nne. Yeye ana digrii na hajui kushona hata kifungo. Lakini picha yake na lile joho iko ukutani kwangu, na mgeni hapati chai kabla hajaitazama.

Nitawaambia ya gundi na sindano. Na nitawaambia ya vitabu vya maharamia, vile vya meli za zamani zenye uchawi ndani, kwa sababu ndivyo vilivyonichosha mikono na kichwa, na nimestaafu sijavielewa.

Nilianza kama mfagiaji. Maktaba yetu hapa Nkubu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, ukuta mmoja tulishiriki na mashine ya kusaga unga, kwa hivyo vitabu vyote vilikuwa na vumbi jeupe kama mandazi kabla hayajakaangwa. Siku ya kwanza nilifagia, nikapanguza rafu zote, nikavipanga vitabu vizuri: vifupi mbele, virefu nyuma, kama watoto wa picha ya shule. Nilijiona nimefanya kazi safi. Mkubwa wa wakati huo alipoingia alikaa chini kwenye kiti cha wasomaji akashika kichwa. Ilichukua siku tatu kuvirudisha mahali pake. Hakunifukuza. Nafikiri alikuwa amechoka sana.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni Mzee Salim. Alikuwa Mwislamu wa Majengo, Meru mjini, na damu yake ilikuwa ya makabila ambayo hata yeye alikuwa anayataja akifika la tano anaacha. Alikuja kwetu Jumanne na Alhamisi kurekebisha vitabu. Babaye alikuwa akishona misahafu. Siku moja aliniona nikiokota kurasa zilizoanguka sakafuni na kuzirudisha ndani ya kitabu chake, akaniangalia vidole.

"Mama Muthoni, umewahi kusuka kiondo?"

"Kwetu Embu nani hajui kusuka kiondo?"

"Basi weka ufagio, kaa hapa."

Nilikaa hapo miaka ishirini na sita.

Kiswahili changu kilimuumiza kuliko kazi yangu. Nikisema "kitabu mzuri" alikuwa anaweka sindano chini. "Mama, huyo mzuri ni mtu gani?" Nilikuwa nimetoka Kiembu, nikaolewa kwenye Kimeru, Kiswahili nilikiokota sokoni kama viazi vilivyodondoka. Lakini mkono wangu hakuulalamikia hata siku moja.

Gundi, basi. Unga wa ngano, si wa mahindi. Wa mahindi unakauka unapasuka kama kisigino. Pika kwa moto mdogo, koroga upande mmoja, tia chumvi kidogo na unga wa majani ya mwarobaini ili mende wasije kula. Uzi upitishe kwenye nta ya nyuki. Sindano ya fundi viatu ni bora kuliko ile ya fundi nguo. Kitabu ukimaliza kukibandika kiweke katikati ya mbao mbili, juu yake jiwe, na usikiguse mpaka kesho hata kama msomaji amesimama mlangoni analia. Wengi wenu hapo ndipo mnaharibu. Mna huruma.

Sasa vitabu vya hadithi vinavyotoka ng'ambo havijashonwa. Vimebandikwa tu mgongoni, na baridi yetu ikiingia ile gundi yao inakufa, kurasa zinatoka kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji moto. Cha mapenzi kinaletwa kwangu mara moja kwa mwaka. Cha upelelezi mara mbili. Cha maharamia kila baada ya wiki tatu. Tulikuwa navyo kumi na vinne, mfululizo mmoja, na nimeshona kila kimoja mpaka pembeni hakukuwa tena na mahali pa kutoboa.

Na ndani nilikuta nini? Kijiti cha miraa kimewekwa kama alama. Jani la sukuma wiki. Mafuta ya mbuzi, kidole gumba chote, ukurasa baada ya ukurasa. Huyo alikuwa Hamisi mwenye bucha, sikuhitaji kuuliza.

Niliuliza Mzee Salim hivyo vitabu ni vya nini. Alisema, "Ni vya maharamia." Nikadhani ni vya mambo ya haramu, nikakishika kile nilichoshika kwa ncha za vidole. Alicheka mpaka kofia ikahama. "Haramia ni jambazi, mama. Hawa ni majambazi wa baharini. Watoto wenu wanawaita pirate."

Hiyo nikaielewa. Kilichonishinda ni yale mengine yaliyo ndani yake. Wasomaji walikuwa wananisimulia nikishona, maana Kiingereza changu ni cha kusoma dawa tu. Wanasema ni historia: mfalme alikuwepo kweli, mizinga ilikuwa ya shaba, mabaharia walikula biskuti zenye wadudu. Sawa. Halafu wanasema nahodha amekufa miaka ishirini iliyopita na bado anaongoza meli. Upepo umefungwa kwa kamba yenye mafundo matatu, ukifungua fundo unatoka. Nikauliza, sasa ni historia ama ni uchawi? Kama ni historia, maiti anashikaje usukani? Kama ni uchawi, kwa nini anashindwa kuitoa minyoo kwenye biskuti?

"Ni vyote viwili, mama," Hamisi alisema.

"Vyote viwili si jibu."

Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Mimi pia. Maji mengi niliyowahi kuona ni mto ukifurika ukibeba ndizi za watu.

Mzee Salim alifariki, Mungu amrehemu, nikabaki na meza yake peke yangu. Akaja Gatwiri kuwa mkubwa, msichana mwenye akili na haraka. Kosa nitakaloeleza sasa tulilifanya sisi wawili, lakini kisu kilikuwa mkononi mwangu.

Gatwiri alikuwa ameenda mazishini upande wa Runyenjes. Jumatano asubuhi akanitumia ujumbe kwa simu. Nimeuhifadhi ule ujumbe. Ulisema: "Mama Muthoni, wakaguzi wanakuja Jumatatu. Toa vitabu vyote vya pirate. Kata migongo, karatasi itolewe leo."

Nilisoma mara tatu. Nikapiga simu, haikupokelewa, mazishini mtu hapokei simu. Nikakaa nikafikiria. Mbona vya pirate? Nikajijibu: ni wachungaji wa makanisa. Wamesikia kuna maiti anaongoza meli, wamelalamika. Nilishangaa na nilisikitika, maana mishono ile yote ilikuwa yangu. Lakini mimi nikipewa kazi sikai nikiitazama. Nikachukua kile kisu kirefu, nikavikata migongo vyote kumi na vinne. Kurasa nikazitia guniani, nikampa Makena anayeuza njugu karanga. Yeye husokota karatasi kama pembe, anajaza njugu ndani. Alinishukuru sana. Alisema karatasi ya vitabu ni nzuri kuliko ya gazeti, haiachi wino kwenye chumvi.

Alhamisi Gatwiri akaingia na viatu bado vina udongo wa kaburini.

"Ulitoa?"

"Nilitoa."

Akaenda kwenye rafu ya vitabu vya shule, akasimama. "Mbona viko hapa bado?"

"Ni nini kiko hapo?"

"Vya pirate! Hivi vya fotokopi! Vile tuliuziwa tukidhani ni halali!"

Nikamwangalia. Yeye akaniangalia. Halafu akageuka polepole kwenye ile rafu ya chini, tupu kabisa.

"Mama Muthoni. Umekata nini?"

Hapo ndipo niliambiwa kwamba kitabu kilichochapishwa bila ruhusa ya mwenyewe kinaitwa pirate. Miaka yote hiyo katikati ya vitabu na sikuwa najua. Haramia mmoja yuko ndani ya kitabu, mwingine ni kitabu chenyewe. Nani alitoa majina haya?

Gatwiri hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali. Alisema, "Hivyo kumi na vinne vimesajiliwa. Wakija Jumatatu wasivipate, watauliza ni nani alishika kisu. Sitaweza kusema ni mimi. Utaenda nyumbani, mama, na si kwa kustaafu." Alisema akitazama dirishani.

Nilikuwa nimebakisha miaka mitatu. Na si hiyo tu. Mimi sina cheti hata kimoja. Kitu pekee kinachosema kwamba nimewahi kufanya kitu ni hiyo meza. Nilijiona nikirudi kwangu na kile kisu ndani ya kikapu, na watu wa soko wakisema yule ni yule aliyekata vitabu.

Nilimkimbilia Makena. Nyumbani kwake nikaambiwa ameshaenda soko la Gakoromone na gunia. Nikamfuata huko Meru, nikampata katikati ya wauza vitunguu, amekaa juu ya gunia lenyewe.

"Makena, zile karatasi!"

"Zimenisaidia sana, mama."

"Simama!"

Alikuwa ametumia chache, shukuru Mungu siku hiyo biashara ililala. Zile alizokwisha kusokota na njugu tulizimwaga kwenye sinia. Mteja mmoja alikuwa anatembea akitafuna, nikamshika mkono nikamwambia anirudishie karatasi. Alinipa na njugu zake akaondoka haraka. Nafikiri aliona nina kichaa.

Nikarudi na gunia nikidhani nimepona. Nikamwaga mezani. Ndipo nikaona balaa. Kurasa zilikuwa zimechanganyika, na kila kitabu kina ukurasa wa mia moja na kumi. Nilikuwa na kumi na nne za mia na kumi, zote Kiingereza, zote zinasema meli, meli, meli. Mimi ningejuaje ni meli gani?

Gatwiri alisoma kurasa sita akashika kichwa. Yeye hasomi hizo hadithi, anasoma za siasa. Akasema, "Waite wenyewe."

Wenyewe walikuja Ijumaa wote. Hamisi alifunga bucha saa nne asubuhi, jambo ambalo hata msiba wa jirani haukuwahi kumfanya alifanye. Nesi Nkatha alikuja ametoka zamu, hajabadilisha nguo. Wengine walijaza viti na sakafu. Nikawapa kanuni moja: hakuna kula juu ya karatasi. Halafu nikakaa nikatazama kitu ambacho sijawahi kukiona.

Mtu anachukua karatasi moja, anasoma mistari miwili, anasema, "Cha tisa. Hapa ndipo mpishi anamuuza kasuku." Mwingine, "Hapana, kasuku aliuzwa cha sita. Hapa ni pale anarudishwa." Wanabishana kama watu wa ukoo mmoja wanaotaja nani alimzaa nani. Nkatha alisoma karatasi moja, akaiweka mahali pake, akapangusa macho kwa mkono wa sweta.

Nilimuuliza, "Kwani kumetokea nini hapo?"

"Wamempigia nahodha kura."

"Na hiyo ndiyo unalilia?"

"Mama, kwenye meli mkubwa akiwa mbaya wanampigia kura siku hiyo hiyo, anashuka. Wewe umewahi kuona wodi ikimpigia matron kura?"

Sikuwa nimeona. Nikamgeukia Hamisi. "Na wewe? Wewe huna matron."

Alifikiria akiwa na kurasa mkononi. "Mimi, mama, nimezaliwa kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia. Nyinyi watu wa mashamba, mnaamka kwenye ua, mnalala kwenye ua, mkikutana mazishini mnaongea mipaka. Bahari haina kigingi hata kimoja. Nani ataweka jiwe la mpaka kwenye maji?"

"Na yule maiti?"

"Yule ndiye mzuri kuliko wote. Amekufa, hawezi hata kurithiwa."

Wote walicheka. Mimi nilicheka baadaye, nikiwa nimefika nyumbani, na bado sikuwa na uhakika nimecheka nini.

Jumamosi jioni vitabu kumi na vitatu vilikuwa vimekamilika, nami nashona mpaka vidole vikafa ganzi. Cha kumi na nne, cha mwisho kabisa, kilikosa karatasi tano. Kurasa kumi, zile za mwisho. Makena alikuwa ameanza na zile, zikaenda na njugu. Mahali panaposimuliwa mwisho wa nahodha, palikuwa wazi.

Nikasema tuweke karatasi tupu. Gatwiri akasema wakaguzi wakifungua wataona. Ndipo Hamisi akasema, "Mimi nilikisoma. Naukumbuka." Na Nkatha akasema, "Mimi pia." Nikashukuru, mapema mno, maana hawakukumbuka kitu kimoja. Mfalme anampa nahodha barua ya msamaha na shamba la kupumzikia, hapo walikubaliana. Hamisi akasema anaichana ile barua, anarudi majini. Nkatha akasema hapana, anawauliza mabaharia kwanza, wanapiga kura, ndio wanaichana.

"Shamba la ekari ngapi?" niliuliza.

"Mia tatu."

"Na anakataa! Hapa ndugu wanapelekana kortini kwa robo eka! Mimi ningechukua."

"Ndiyo maana wewe si nahodha," Hamisi akaniambia, na watu wote wakanipigia makofi, sijui ya pole au ya nini.

Gatwiri aliandika, kwa mkono, kwenye karatasi za daftari la mistari zilizokatwa zitoshe. Walikubaliana kura ipigwe halafu nahodha aichane mwenyewe. Waliongea Kiswahili, naye akaandika Kiswahili. Kurasa mia tatu za Kiingereza, kumi za Kiswahili cha bucha. Nikazishona, nikaweka jiwe.

Jumatatu wakaguzi walikuja, wawili, na makoti. Vya fotokopi vilikuwa vimetoka vyote. Mmoja akachukua cha kumi na nne, akakipima kwa mkono, akapitisha kidole mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshika kona ya meza. Akauliza, "Nani alishona hivi?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Kazi nzuri," akakirudisha bila kukifungua. Nikaenda nyuma nikakaa juu ya ndoo ya gundi, ilikuwa na kifuniko kwa bahati.

Mngefikiri imeisha. Gatwiri dhamiri ilimsumbua, akaagiza kile cha kumi na nne kipya, halali, kutoka Nairobi. Kilikaa kwa Hamisi siku mbili. Akakirudisha akakiweka mezani kwangu kama nyama iliyooza.

"Mama, hiki kimekosewa."

"Kimekosewa wapi?"

"Mwisho. Nahodha anachukua shamba."

"Si ulikisoma kabla sijakikata?"

"Nilikisoma."

"Na alichukua shamba?"

Akakuna kidevu. "Nadhani alichukua. Lakini sasa najua hakuchukua."

Nkatha alisema hivyo hivyo, na wengine, na wakawa wanaomba kile cha zamani, chenye mistari ya daftari. Kipya kilikaa kinang'aa rafuni hakuna anayekigusa. Gatwiri akaniita. Alikuwa ameviweka vyote viwili mbele yake.

"Kwa sheria," alisema, "hiki tulichoandika sisi ndicho pirate. Kinafaa kutoka."

"Na wasomaji wanakitaka hicho."

"Najua."

"Mara ya kwanza nilitoa vya pirate nikawa nimekosea. Sasa nikikitoa hiki ni makosa ama si makosa?"

"Mama Muthoni, hata mimi sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza mkubwa kuniambia hivyo. Nikavichukua vyote viwili. Nikakata uzi wa kile cha zamani, nikatoa zile karatasi tano za daftari. Nikafungua mgongo wa kipya, nikauacha mwisho wake uliochapishwa mahali pake, na nyuma yake nikashona ule wa kwetu. Miisho miwili, mgongo mmoja, uzi wenye nta, mashimo saba. Nikakiacha chini ya jiwe siku mbili badala ya moja, kwa heshima.

Nilipompelekea Gatwiri alikifungua, akasoma mwisho wa kwanza, akasoma wa pili. Akakaa.

"Sasa hiki ni pirate, ama si pirate?"

Nikamwambia, "Nusu."

Akavuta kidau cha wino, akachukua muhuri wa maktaba, akakigonga kitabu.